Suti ya Kwenye Kompyuta

Mzee aliingia dukani asubuhi, akaegemeza fimbo yake ukutani, akakataa kiti nilichomwonyesha, na baada ya shikamoo yangu na marahaba yake akasema amekuja kuiona suti.

"Suti gani, baba?"

"Ile mnayowavalisha watu."

Nilidhani amekosea fremu. Mkono wetu wa kulia kuna fundi cherehani, na watu wengi humpita bila kumwona kwa sababu ya mabango yetu yaliyoning'inia mlangoni. Nikamwelekeza huko. Akatikisa kichwa.

"Huyo nimeshapita kwake. Anashona sare za shule. Mimi nataka ile ya mabango ya misiba. Kaka yangu amezikwa nayo. Mwenyekiti wa kitongoji chetu amezikwa nayo. Juzi nimekwenda kumzika mzee wa kanisa, nafika getini namkuta naye yumo ndani yake. Suti ileile, tai ileile ya bluu yenye mistari. Hata kitambaa cha mfukoni kimekunjwa vilevile. Nikauliza, hili bango limetengenezwa wapi? Wakaniambia Ngarenaro, kwa yule binti."

Mwenzangu, anayeendesha mashine ya kuchapa, alikuwa ameinama anafunga rola mpya ya turubai. Nilisikia anacheka kwa pua.

"Binti ni huyo hapo, mzee," akasema bila kuinuka. "Na suti ni yake. Mimi nachapa tu."

Duka langu ni chumba kimoja, na mashine imekula karibu nusu yake. Tunachapa kila kinachochapika: vibao vya saluni na maduka ya dawa, stika za milango ya magari ya watalii, mabango ya kipaimara yenye picha ya mtoto na maneno ya hongera, mabango ya sherehe za kumuaga bibi harusi, mabango ya makanisa yenye mikutano ya uponyaji. Nilisomea sosholojia chuo kikuu. Nilipomaliza nilizunguka na bahasha ofisi za mjini hapa mpaka nikaanza kujiuliza ninatafuta kazi au ninatafuta mtu wa kuniambia nimefanya vizuri, na nilipokosa jibu nikaingia ubia na huyu mwenzangu aliyekuwa ameajiriwa kwenye duka kama hili. Yeye ni Mkatoliki kutoka Rombo, anajua mashine. Mimi najua kompyuta na kubishana na wateja.

Misiba ndiyo inayotuendesha. Harusi zina msimu wake, kipaimara kina msimu wake, uchaguzi ndiyo usiseme, lakini watu hufa mwaka mzima. Kwa desturi ya huku kwetu sasa, msiba bila bango haujakamilika. Linafungwa getini ili wageni wajue pa kuingilia, na lingine linatundikwa kwenye turubai wanakokaa waombolezaji, na baada ya mazishi linakunjwa. Mengine nimekuja kuyaona yamefunika majani ya ng'ombe, uso ukiangalia juu, na sikuona kama kuna aliyekosewa heshima. Mvua ni mvua.

Shida ni picha. Mtu ameishi miaka yake yote mlimani, analima kahawa na migomba, hana picha hata moja aliyokaa kupigwa. Wanachokuja nacho wanawe ni kitambulisho, au kadi ya kupigia kura, au picha ya harusi ya mjukuu ambayo mzee yuko pembeni, nusu ya sikio imefichwa na kofia ya mtu. Unakata kichwa, unakikuza, unakisafisha. Kisha wanakaa nyuma ya kiti changu, wamechoka, macho mekundu, na mmoja anasema: "Mvalishe suti." Sijawahi kuwa na familia iliyosahau kusema hivyo.

Kompyuta niliinunua mkononi mwa mtu, ikaja na folda ya suti zisizo na vichwa. Ziko nyingi, ila picha za vitambulisho zote zinatazama mbele moja kwa moja, na suti inayokaa vizuri chini ya kichwa kinachotazama mbele ni moja tu. Mabega yake yako sawa, kola imesimama, shingo inaingia bila kuonekana mshono. Ndiyo hiyo nyeusi yenye tai ya bluu. Sikuwa nimehesabu nimewavalisha wangapi. Haikunijia akilini kwamba wanaozikwa kwenye usharika mmoja huzikwa na watu walewale, na watu hao wana macho.

Nikamgeuzia mzee kioo cha kompyuta, nikaifungua. Ilitokea suti peke yake, shingo tupu, nyuma yake hakuna kitu.

Aliitazama kwa muda. Akasogea, akaiangalia kwa pembeni, kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni.

"Ni ya nani hii?"

"Sijui, baba. Itakuwa mzungu fulani aliyepigwa picha, wakamtoa kichwa."

"Masikini," akasema. Kisha akakaa kwenye kile kiti. "Sasa nisikilize. Kaka yangu nimekua naye. Siku ya kumzika nilikaa chini ya lile bango toka asubuhi mpaka mchungaji anafika, namtafuta. Namtafuta simwoni. Kuna bwana mmoja mweupe, hana kovu, amevaa tai. Kaka yangu alikuwa na kovu hapa, la tawi la mkahawa. Mmelipeleka wapi?"

Kovu nalikumbuka. Nilidhani ni mkwaruzo wa kitambulisho.

"Kwa hiyo mimi," akaendelea, "nataka bango langu nilitengeneze mwenyewe, sasa hivi, ningali naona. Wakija kunizika wanione mimi. Wasinitafute."

Alitoa simu ya kubonyeza mfukoni, akairudisha, akatoa nyingine kubwa iliyopasuka kioo, ya mjukuu wake, akaniambia nifungue picha. Alikuwa amesimama mbele ya banda, amevaa viatu vya mpira na sweta la kijivu lililotoboka kiwiko, ameshika kamba ya ng'ombe ambaye hakutokea isipokuwa pembe. Anacheka. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizoletewa mwaka ule, na mwenyewe alikuwa mbele yangu anapumua.

"Tunaandika nini chini yake?"

"Usiandike kitu."

"Hata jina? Hata tarehe?"

"Watakaokuja si watakuwa wanajua nimekufa? Wangekuja kufanya nini?"

Mwenzangu aliacha rola yake. Akaja akaiangalia picha, akamwangalia mzee, akaniita nje.

"Bosi," akasema. Huniita bosi akikasirika tu. "Mimi simchapi mtu anayepumua."

"Jana umechapa bango la mgombea."

"Usinichezee akili. Unajua ninachosema."

"Sijui. Nieleze. Bango linaua?"

"Mimi sijasema linaua. Nimesema sichapi. Wewe si umesoma? Bonyeza mwenyewe."

Nilimwambia hiyo ni imani isiyo na kichwa wala miguu. Akaniambia mbona niliondoa picha yangu pale mlangoni, ile ya mfano wa bango la msiba, baada ya wateja wawili kunipa pole wakidhani ni ndugu yangu. Nikasema niliiondoa kwa sababu imepauka. Akacheka, akarudi ndani, akamwambia mzee kwa adabu kabisa kwamba mashine ina foleni, arudi Ijumaa.

Siku zile nilikuwa na hamasa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiuliza kila mtu kwa nini tunawavalisha marehemu nguo ambazo hawakuwa nazo, na jibu lilikuwa ni heshima, na nikiuliza heshima kwa nani, wananiambia ndiyo matatizo ya kusoma sana. Sasa amekuja mtu mwenyewe, mwenye uso wake, anasema hataki. Nilimwona kama ushahidi wangu. Nikalisanifu bango lake kwa uangalifu ambao sikuwapa wengine. Sikugusa kitu usoni. Kiwiko kilichotoboka nikakiacha.

Ijumaa mzee alikuja, lakini hakuja peke yake. Gari lilisimama mbele ya duka, akashuka mwanaume wa makamo mwenye shati lililonyooshwa, nikamtambua kabla hajafunga mlango. Ni yeye aliyeniagiza bango la baba yake mkubwa, yule mwenye kovu. Ni mtoto wa kwanza wa mzee, mhasibu, anaishi Kijenge. Mama yake alikuwa amempigia simu kumwambia baba yako ameniaga anakwenda mjini kuchukua bango lake la msiba, na anacheka.

"Dada yangu," akaniambia, bila salamu, "wewe una wazazi?"

"Ninao."

"Ungefurahi mtu amuuzie baba yako bango la kufa?"

"Hajaniuzia," mzee akasema nyuma yake. "Nimeagiza. Kuuziwa ni kingine."

"Baba, naomba tuongee mimi na huyu dada."

"Ongeeni. Na mimi nipo."

Nilimfungulia picha kwenye kioo. Nilitaka aone, kwa sababu niliamini akiona atanyamaza. Aliona. Alinyamaza kweli, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya hasira tena, "Unajua watu watakaokuja kumzika huyu mzee ni akina nani?"

"Majirani zake. Wanaomjua."

"Watakuja wa ofisini kwangu. Watakuja wakwe zangu kutoka Machame. Usharika mzima utakuwepo. Wataingia getini, wanachokutana nacho ni sweta lililotoboka. Unajua watasema nini? Hawatasema mzee alikuwa mchapakazi. Watasema alikuwa na watoto, wana magari, wakamwacha hivi."

"Lakini sweta ni lake," nikasema. "Kwenye picha amefurahi."

"Nimemnunulia masweta matatu!"

"Mazuri sana yale," mzee akasema. "Nayavaa kanisani."

"Nimemnunulia suti. Siku ya harusi yangu nilimpeleka kwa fundi mwenyewe, akapimwa, ikashonwa. Ameivaa siku hiyo, akaivua. Iko kabatini mpaka leo. Halafu mimi nikimzika niweke picha ya viatu vya mpira, kama mtu ambaye hajawahi kupewa kitu na mtu?"

Mwenzangu alikuwa amesimama karibu na mashine, mikono kifuani, ananitazama. Ni mtazamo wa mtu anayesubiri msomi ajibu.  Nilikuwa nimeuliza heshima kwa nani, na sikuwahi kufikiri kwamba jibu linaweza kuwa kwa anayebaki, na kwamba hilo si jambo la kuchekwa. Aliyekufa haulizwi kitu na mtu. Mwanawe ataulizwa miaka yote.

Hata hivyo mzee alikuwa amekaa pale, na alichotaka kilikuwa kidogo na kilikuwa chake.

"Ukinivalisha ile ya kwenye kompyuta," akamwambia mwanawe, "nitatoka huko niliko nije nikuulize huyu nani."

"Basi usivae ya kwenye kompyuta," nikasema. "Vaa yako. Nije huko nyumbani, nikupige picha ndani ya suti uliyoshonewa, bila kubadilisha kitu. Utakuwa wewe, na itakuwa suti ya mwanao."

Walitazamana. Sidhani kama kuna aliyelipenda wazo, ila hakuna aliyepata la kulipinga. Mzee akauliza kama ng'ombe anaweza kuwepo. Mwanawe akasema hapana. Mzee akasema hilo watalizungumza.

Jumamosi mhasibu alinipitia asubuhi. Tulipanda juu ya Tengeru, lami ikaisha, tukaingia kwenye migomba mpaka gari likawa linapigwa na majani pande zote. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu. Njiani alizungumza mambo ya kodi ya fremu na bei ya mashine, akaniuliza kwa nini siombi kazi serikalini. Nilimuuliza kwa nini haji huku mara kwa mara, kama umbali ndio huu. Akasema anakuja. Krismasi anakuja, Pasaka anakuja, kukiwa na msiba anakuja. Akawasha wipa, ingawa mvua haikuwepo, ni umande wa majani tu.

Mama alitupokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye kitambaa kichwani, akatuketisha na kutuletea loshoro, ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, kwenye bakuli kubwa kuliko njaa yangu. Alicheka kila aliponiangalia.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekuja kumpiga picha ya kufa mume wangu."

"Ndiyo, mama. Shikamoo tena."

"Marahaba. Mimi nimemwambia atangulie, nitamkuta. Hana haraka hata hivyo, anapenda kusema tu."

Mzee alitoka chumbani amevaa suti. Ilikuwa ya rangi ya udongo, kitambaa kizuri, imeshonwa na mtu anayejua kazi. Alikuwa amenyoa ndevu. Akasimama kwenye ua, mbele ya mikahawa, akanyoosha mikono kama askari, na mikono ya koti ikafunika vidole vyake.

Nilidhani ni namna alivyosimama. Nikamwomba ashushe mabega, ageuke kidogo, arudi. Koti lilikuwa linaning'inia kutoka mabegani kama lililotundikwa kwenye hanga kabatini. Kwenye kazi zetu hilo si tatizo: unakamata kitambaa kwa nyuma, unabana na vibanio vya nguo, mbele inaonekana imekaa. Nikamwomba mama vibanio. Akavitoa kwenye kamba ya nguo, akanijazia mkono, nami nikampa mhasibu kwa sababu nilikuwa nashika kamera.

"Bana hapo mgongoni," nikamwambia. "Vuta mpaka mbele inyooke."

Akabana kimoja. Nikatazama kwenye kamera, nikasema bado. Akavuta zaidi, akabana kingine chini yake. Bado. Akakusanya kitambaa kwa kiganja kizima, akakaa nacho mkononi, na hakubana. Niliendelea kutazama kwenye kamera nikisubiri. Mzee alikuwa ameweka uso wa picha, amekaza midomo. Nyuma yake kichwa cha mwanawe kilikuwa kimeinama.

"Baba," akasema. "Umekonda lini?"

"Piga picha, binti," mzee akaniambia.

"Nakuuliza, baba. Hii ilipimwa kwako. Mimi nilikuwepo, fundi alipitisha utepe hapa. Umekonda lini hivi?"

"Nimekonda taratibu. Ukikaa na mtu kila siku huoni. Na usipokaa naye pia huoni. Wewe usiwe na wasiwasi."

"Mama?"

Mama alikuwa amesimama kizingitini. Hakucheka. "Mimi nimesema. Nimesema kuanzia kipindi cha kuchuma kahawa. Anakunywa maji kama ng'ombe, usiku hakai kitandani, anatoka anarudi. Ananiambia ni meno yanamsumbua ndiyo maana hali. Nikasema nikupigie, akasema nikikupigia hatakula kabisa."

"Ndiyo ukaenda kutengeneza bango," mhasibu akasema. "Badala ya kuniambia unaumwa, umeenda Ngarenaro kutengeneza bango."

"Bango nalijua mwisho wake," mzee akasema. "Hospitali sijui."

 Mimi pale sikuwa na kazi, nikaangalia kamera yangu kama yenye hitilafu. Mhasibu alitoa vibanio kimoja kimoja, akamrudishia mama. Kisha akazunguka mbele, akafungua vifungo vya koti la baba yake, akamvua mkono mmoja, akamvua wa pili, jinsi unavyomvua mtoto aliyesinzia na nguo za kanisani. Chini yake kulikuwa na shati jeupe, nalo pana, lakini shati pana ni shati tu.

"Kesho kutwa tunakwenda hospitali," akasema.

"Jumatatu nina mtu wa kuja kumpandisha ng'ombe."

"Baba."

"Jumanne basi."

"Jumatatu."

Mzee akanigeukia. "Umeona? Piga sasa, kabla hajanivua na shati."

Nikapiga. Nilipiga kadhaa, na kwenye zote mzee anatazama kamera, kola imekaa upande, shavu limeingia ndani. Kwenye ile iliyotoka vizuri kuliko zote kuna mkono wa mtu umeshika bega lake kutoka pembeni, vidole na saa, basi. Mhasibu alikuwa bado hajamwachia. Niliwaonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Nikasema mkono huo si tatizo, nitaufuta, ni kazi ya dakika chache.

"Usiufute," mzee akasema.

Mwanawe alikuwa anatazama pembeni, akafanya kama hakusikia.

Nilipokuwa nafunga mfuko wangu mama alinifuata na kikombe cha kahawa, akasimama karibu, akaniuliza kama na yeye anaweza kutengenezewa. Nikamwambia anaweza, na kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kitu, au nilidhani nimejifunza, nikamwambia nitampiga hivyohivyo alivyo, na kitambaa chake, bila kuongeza chochote.

"Hapana," akasema. "Mimi niongezee. Niwekee hereni za dhahabu na mkufu. Na nywele, zile za saluni, zinazokuja mpaka hapa. Na uso uung'arishe."

"Lakini mama, si hutafanana?"

"Yeye ndiye anataka kufanana. Mimi nimefanana maisha yangu yote. Inatosha."

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nilishuka mlima na jibu hilo na mpaka leo sina mahali pa kuliweka. Kila ninapofikiri nimeielewa suti ya kwenye kompyuta, namkumbuka mama yule na hereni zake.

Jumatatu nilisanifu bango. Sikuandika jina, sikuandika tarehe, na yale mawingu tunayoweka nyuma ya marehemu sikuyaweka. Mwenzangu alikuja kusimama nyuma yangu, akatazama muda mrefu zaidi ya anavyotazamaga kazi zangu.

"Mkono wa nani huo?"

"Wa mwanawe."

"Na huufuti?"

"Kakataa."

Akasugua kidevu. "Hili sasa mimi silioni kama bango la msiba. Hili ni la mtu na mtoto wake." Akaenda akawasha mashine, akaanza kuipasha moto. Nilitaka kumuuliza tofauti iko wapi hasa, kwamba turubai ni ileile, mtu ni yuleyule na shughuli ni ileile. Nikajizuia. Bango lilikuwa linatoka.

Walikuja kulichukua baadaye mchana, wametokea hospitali. Kumbe ni sukari. Mzee alikuwa na mfuko wa dawa na karatasi ya vyakula, na alikuwa amekasirika sana na ile karatasi, kwa sababu ndizi zimewekewa kipimo.

"Wamenipimia ndizi," akamwambia mwenzangu. "Mimi! Mtu ameniandikia ndizi ngapi, na hajawahi kupanda hata mgomba mmoja."

"Pole, mzee," mwenzangu akasema. "Huko kwetu Rombo wangemfukuza na panga."

Tulilikunjua bango sakafuni, likafika mpaka mlangoni, wapita njia wakapunguza mwendo. Mzee alizunguka pembeni mwake polepole akiwa na fimbo, kuanzia kwenye mkono mpaka kwenye uso. Alisimama kwenye uso. Akainama kidogo.

"Huyu namjua," akasema.

Kisha akalalamika kwamba ni kubwa mno, litatisha watoto, na kwamba masikio hayako sawa. Nikamwambia masikio ni yake. Akasema alikuwa hajui.

 Tulipolikunja na kulifunga kamba mhasibu akaniuliza taratibu kama duka linaweza kulitunza, kwa sababu huko mlimani mama hataki kulala nalo nyumba moja, na yeye kwake kuna watoto. Kabla sijajibu mzee akasema, "Litakaa kwako."

"Kwangu, baba? Niliweke wapi?"

"Utajua. Si wewe ndiye utakayelitundika?"

Mhasibu alisimama na lile bunda begani.  Akatoka nalo mpaka kwenye gari, akajaribu kuliingiza nyuma, likawa refu, akalaza kiti cha abiria kidogo na kulipitisha katikati, ncha moja ikagusa kioo cha mbele. Mzee akaingia nyuma, akakaa kwa kujibanza, akaikumbatia ncha nyingine ili isimgonge mwanawe kichwani akikata kona.

"Umeshika?" mhasibu akauliza akiwa kwenye usukani.

"Nimeshika. Nenda. Ila usikimbie."